Ile chupa haikuwa shampeni

Ndugu zangu, tangu niweke ile picha ya chupa kwenye status simu haijapumzika. Shangazi anauliza kama nimepandishwa cheo. Binamu wa Himo hakuzunguka: anayefungua shampeni siku ya Jumatano hawezi kukosa hela ya bodaboda. Nawajibu wote kwa pamoja.

Ile ni bia. Supamaketi inauzwa chini ya euro 6. Inaitwa bière de garde, bia ya wakulima wa huku kaskazini mwa Ufaransa, karibu na mpaka wa Ubelgiji. Najua mkisikia Ufaransa mnaona mvinyo na mnara wa Eiffel. Ninakoishi mimi kuna mvua, viazi na miji ya migodi ya makaa ya mawe; mgodi wa mwisho wa huku ulifungwa 1990. Watu wa huku wa jadi ni wanywaji wa bia.

Zamani ilipikwa shambani miezi ya baridi, kwa sababu joto la kiangazi lilikuwa linaiharibu. Ikilazwa kwenye vyumba vya chini ya ardhi, wiki hata miezi, mpaka msimu wa kazi ufike na vibarua wapate cha kunywa. Vita Kuu ya Kwanza ilipokuja, Wajerumani wakabeba mitambo ya shaba ya viwandani, na viwanda vingi havikuinuka tena. Mojawapo ya vilivyokuja baadaye ni cha familia ya Duyck, kijiji cha Jenlain, kilichoanza 1922. Hao ndio wa kulaumu, Shangazi: baada ya Vita ya Pili walianza kujaza bia yao kwenye chupa za shampeni zilizokwisha kutumika. Kizibo, waya, kila kitu. Miaka ya 1970 wanafunzi wa Lille, jiji kubwa la huku, wakaichangamkia, ndiyo maana bado ipo.

Sasa utamu wake. Rangi ni kama asali mbichi ya msituni. Mdomoni inaanza na utamu wa kimea, halafu mkate uliobanikwa ukaungulia kidogo pembeni, halafu harufu ya stoo iliyofungwa muda mrefu. Uchungu haba. Baba mdogo, wewe mpenzi wa mbege, pombe yetu ya ndizi, ungeielewa haraka kuliko hao vijana wa lager, ingawa mbege hunywewa ikiwa changa na hii inataka kungojwa. Hakuna aliyeniuliza "baridi au ya moto?" Ilitolewa ya ubaridi wa wastani tu, na nusu glasi ya kwanza niliinywa kwa adabu ya mgeni. Ya pili niliinywa kwa hamu. Kilevi chake ni asilimia 7.5, bia yenu ya Safari ina 5.5. Masikio yalipata moto kabla chakula hakijafika mezani, nacho kilikuwa nyama ya ng'ombe iliyochemshwa taratibu ndani ya bia hiyohiyo mpaka inaachana yenyewe.

Chupa si yangu. Ni ya mzee mmoja tunayepanga naye vifurushi ghalani, mtoto wa mchimba makaa, anakaribia kustaafu. Alinikaribisha kwao. Hilo ndilo nililokuwa nafurahia pichani, na hilo ndilo siwaambiagi. Huku unaweza kumaliza msimu mzima wa baridi unasalimiana na jirani kwenye ngazi na hujui hata jina lake. Hakuna kupitia kwa mtu bila taarifa ukakuta sufuria jikoni. Wanaolipwa kima cha chini tunapata kama euro 1,400 mkononi kwa mwezi. Chumba kinakula zaidi ya theluthi, bado umeme, basi, simu, na ile ninayotuma nyumbani. Nikibaki Jumapili peke yangu na mtandao, sipigi picha.

Kwa hiyo, Binamu, hela ya bodaboda sina mwezi huu. Mwezi ujao tuongee, lakini tuongee kwa kupigiana, siyo kutumiana emoji za chupa.

Baba mdogo, chupa uliyoagiza nitaileta Desemba, nitaifunga ndani ya sweta kwenye begi la kupakiwa. Ikifika iache isimame siku moja, maana chini inaweza kuwa na machicha. Usiiweke kwenye friza. Na usimpe Baba Paroko glasi nzima.