Kuwapeleka Watoto Wadogo Makumbusho: Ukumbi Mmoja Unatosha

Wazazi wengi huingia makumbusho wakitaka kiingilio walicholipa kisipotee bure, kwa hiyo hupita kila ukumbi na kusoma kila kibao cha maelezo, hali mtoto wa miaka minne amekwisha kuchoka hata kabla ya kupanda ghorofani. Katika familia yetu tumezoea kuchagua ukumbi mmoja, au miwili ikiwa imepakana, na vilivyosalia tunaviachia siku nyingine.

Uchaguzi huo huufanya pamoja na watoto jioni ya kuamkia safari. Mkubwa hupenda mifupa na wanyama waliokaushwa. Mdogo hutaka chochote chenye magurudumu. Tunafika mlango unapofunguliwa, watoto wakiwa wameshiba na kumbi zikiwa bado hazijajaa watu, na hapo mapokezi tunauliza choo kiko wapi na kigari cha mtoto kinaruhusiwa kufika wapi.

Tukishaingia, jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni kuchuchumaa. Makabati mengi ya vioo hupangwa kwa kimo cha mtu mzima, na mtoto akisimama chini yake huenda asione ila ukingo wa kabati na mng'ao wa taa. Ukichuchumaa utajua anaona nini na lini anahitaji kubebwa. Kisha muulize maswali ambayo jibu lake liko mbele ya macho yake: chungu hiki kina masizi upande gani, na kwa nini huko? Tulipolitazama shoka la jiwe la kale, nilimwuliza mwanangu angelishikaje. Alikunja vidole hewani, akaligeuza kichwani mwake, hadi akatambua mwenyewe kwamba upande wa mviringo ndio unaokaa kiganjani. Hakuna maelezo ya kibao ambayo yangemfunza hivyo.

Katazo la kugusa nalo lielezwe kwa sababu zake, kwani mtoto mdogo huelewa zaidi ya tunavyomdhania. Mwambie kwamba jasho la vidole lina chumvi na mafuta yanayokula chuma polepole. Akiogopa giza la ukumbi wa vitambaa na maandishi ya kale, mweleze kwamba mwanga hufifisha rangi na rangi iliyofifia hairudi, ndiyo maana taa za huko mara nyingi hupunguzwa hadi kiasi cha luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia kitu). Kwa sababu hiyohiyo, zima mwako wa kamera ya simu yako.

Hata hivyo, mikono ya watoto inahitaji kazi, kwa hiyo uliza kama ipo meza ya nakala zinazoshikwa. Makumbusho ya watoto ya Brooklyn, jijini New York, yalifunguliwa mwaka 1899 kwa ajili yao hasa, na siku hizi hata makumbusho ya kawaida mengi yana kona ya namna hiyo. Tarehe 18 Mei, Siku ya Kimataifa ya Makumbusho iliyoanzishwa mwaka 1977, baadhi ya makumbusho hufuta kiingilio na kuandaa shughuli za watoto, ingawa kwa mtoto mchanga ningechagua siku yenye utulivu zaidi.

Mdogo akianza kujilaza sakafuni, tunaondoka bila kubembelezana, hata kama tumetazama vitu vichache tu. Nyumbani huwapa karatasi na penseli wachore kitu kimoja walichokiona, bila kuangalia picha yoyote, na michoro hiyo ndiyo hunionyesha ukumbi upi tuurudie.