Mnaoanza kupanga usafiri Mombasa, hesabuni waliobaki steji

Mkikabidhiwa takwimu za abiria za mwaka 2020, zisomeni kwa shaka. Wakati wa korona matatu ya watu 14 iliruhusiwa kubeba 8 tu, kwa hivyo anayehesabu waliopanda hupata idadi ndogo, akadhani watu hawakuwa na safari. Walikuwa nazo. Walisimama Bamburi na Changamwe wakipungia gari zilizokwisha kujaa, au walikata shauri kutembea. Fomu ya kuhesabia isiyo na safu ya waliobaki, chorani safu hiyo, hata kwa kalamu.

Pigeni pia hesabu ya makanga kabla ya kumlaumu kwa kupandisha nauli. Tuseme nauli ni shilingi 50: watu 14 wanaleta 700. Akibeba 8, kila mmoja atoe karibu 88 ndipo zifike hizo 700. Gari linakunywa mafuta yaleyale, na jioni tajiri mwenye gari anataka pesa zake za siku. Ukipunguza viti bila kusema pengo litazibwa na nani, umeshaamua: ni mama wa Kisauni anayelipwa kwa siku.

Lakini Likoni, penye kivuko cha feri cha kwenda kusini, ndipo penye somo kubwa. Machi 27, 2020, siku ya kwanza ya kafyu, yaani marufuku ya kutoka nje usiku, kila mtu wa kusini alitaka awe amevuka kabla ya saa moja jioni. Huku wanaambiwa wakae mbalimbali, huku saa inawasukuma, wakasongamana kivukoni hadi polisi wakawarushia vitoa machozi. Abiria wa jioni nzima walikuwa wamekusanywa kwenye saa chache. Feri haina njia ya mkato, na sijui kwa nini jambo hilo husahaulika na watu wanaoiona kila siku! Amri yoyote inayogusa saa, ipimeni Likoni kwanza, kisha zungumzeni na waajiri waachilie wafanyakazi kwa zamu.

Daraja la kuelea la Liwatoni lilipofunguliwa kwa waendao kwa miguu, lilipunguza mzigo wa feri. Nanyi mkipewa mradi kama huo, msiishie kwenye daraja: mfuateni anayeshuka ng'ambo, kama Ras Bofu upande wa Likoni, muone anapanda nini kutoka pale.

Agosti 2021 matatu ziliruhusiwa tena kujaza viti vyote, na kuna njia ambazo nauli haikurudi ilikokuwa. Siku mnayokaa na sako, yaani ushirika wa wenye matatu, kupunguza abiria, andikianeni papo hapo nauli itashuka lini na kwa kiasi gani.