Runinga kuwa bapa si kuwa ya dijitali
Ndugu yangu, umeuliza kwa nini runinga yako bapa, uliyoinunua ikiwa imetumika, bado inahitaji king'amuzi, ilhali Dar es Salaam ilianza kuzima mitambo ya analojia tangu tarehe 31 Desemba 2012. Ubapa wa kioo hausemi lolote kuhusu kifaa cha ndani kinachopokea mawimbi. Igeuze, usome kibandiko cha nyuma: usipoona mahali popote maandishi DVB-T2, yaani jina la mfumo wa matangazo hayo ya dijitali, yaelekea haiwezi kufasiri matangazo ya dijitali yanayorushwa kwa minara ya ardhini, na king'amuzi ndicho kitakachoifanya kazi hiyo. Antena yako ya zamani usiitupe. Ikiwa ni ya UHF, yaani ya kunasa masafa ya juu sana, na waya wake haujaliwa na kutu, itafaa. Mageuzi yenyewe nayaunga mkono, kwa sababu masafa yaliyobeba chaneli moja ya analojia sasa hubeba kadhaa, na yanayookolewa huweza kutumika kwa intaneti ya simu. Ninachokipinga kwa moyo wote ni mwananchi kukosa taarifa ya habari kwa sababu tu kifurushi kimeisha, kwa hiyo kabla hujatoa pesa mwulize muuzaji ni chaneli zipi zitabaki hewani bila malipo, naye akuonyeshe palepale dukani.