Jibu la msomaji: Pedi mbili na nyumbu aliyetekwa

Mhariri,

Wiki iliyopita mliuliza: "Je, programu za bure zinatosha kwenye kompyuta ya nyumbani, au cha bure huishia kuwa bure?" Swali hilo nililisoma stejini Nakuru nikisubiri gari lijae, nikalirudia nilipofika Kisumu, na usiku nikaona sitalala kabla sijawaandikia.

Kilichonichoma ni hilo "bure" la pili. Kwetu mtu akiitwa mtu bure ametukanwa, na kazi ikiitwa kazi bure imepotea. Kisichouzwa na kisichofaa tumevitia katika neno moja, na anayeuza ndiye anayenufaika. Programu ninazozitetea hapa zinaitwa huria. Unaruhusiwa kuzitumia, kuzifungua uone zilivyoundwa, kuzirekebisha na kumpa jirani yako nakala bila kumwogopa mtu. Kukosa bei ni jambo linalokuja nyuma ya hayo. Na kuna watu walizitolea jasho. Mwaka 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili, wakaziita Jambo OpenOffice. Mwaka huohuo Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini akatoa Ubuntu, mfumo huria wa kuendesha kompyuta, jina ambalo sisi tungelisema utu, na kwa miaka, hadi 2011, ulikuwa ukiomba sidii unatumiwa kwa posta bila kulipa hata stempu. Hayo mtayaitaje bure?

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, zinatosha. Ngoja niwaeleze nilivyojua.

Mimi ni dereva wa matatu, Nakuru kwenda Kisumu na kurudi. Kompyuta sikuisomea. Mnaikumbuka Ijumaa ile ya tarehe 26 Machi 2021, Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru zilipofungwa kwa sababu ya korona. Kafyu ikawa saa mbili usiku. Malori ya mizigo yaliendelea kupita Mau Summit, lakini sisi wa abiria hatungeweza kuvuka kuingia Kericho. Gari likaegeshwa, nami nikawa mtu wa kukaa nyumbani, mtaa wa Free Area, vyumba viwili, mke wangu akiondoka alfajiri kwenda sokoni na watoto wakibaki nami kwa sababu shule zilikuwa zimefungwa. Kijana alikuwa na miaka 12, binti yangu 9.

Tulikuwa na laptopu moja, ThinkPad ya ex-UK, RAM gigabaiti 4, niliyoinunua mkono wa pili ili niandike hesabu za gari. Aliyeniuzia alikuwa ameiwekea Windows ambayo hakuna aliyeilipia, nami sikujua kuuliza. Kisha flashi ya saibani ikaleta kile kirusi kinachogeuza folda zote kuwa vishale. Hesabu zangu za miezi minne zikawa vishale. Mpwa wangu anayesoma Egerton alikuja kutoka Njoro na flashi yake ya gigabaiti 8, akaniambia, "Anko, hii ya kwangu haitaki leseni." Akaweka Linux Mint, mfumo huria unaoendesha kompyuta mahali pa Windows, ile ya Xfce iliyo nyepesi. Hata chai haikuwa imepoa. Folda zangu alizifufua pia, maana vishale vilikuwa vimezificha tu. Nikapata LibreOffice kwa hesabu na VLC kwa filamu, na jedwali ambalo katibu wa sacco hutuma likafunguka, ingawa mistari ilisogea kidogo. Hapo sina zaidi la kusema, ilifanya kazi na bado inafanya.

Watoto walitaka gemu ya mpira. Hakukuwa na ya mpira ya kuwaridhisha, kwa hiyo mpwa wangu akawatilia SuperTuxKart, mbio za magari madogo ambazo ni huria vilevile. Ilikula zaidi ya nusu gigabaiti ya bando langu na nikanung'unika. Madereva wa gemu hiyo ni wanyama na viumbe ambao ni nembo za programu huria mbalimbali. Binti yangu akamchukua Tux, yule pengwini wa Linux. Kijana akachukua Konqi, joka la kijani. Kioo kikagawanyika mara mbili, huyu anatumia vitufe vya mishale, huyu W, A, S na D, kibodi moja, viwiko vikigongana.

Siku ya kwanza haikuisha bila machozi. Kila kijana alipokata kona kwa kuteleza, gari la dada yake lilizima. "Baba, amenizimia gari!" Kijana anaapa hajamgusa. Nilimwadhibu. Nilimtoa kwenye meza nikamwambia asirudi hadi kesho, naye akaenda kukaa kwenye ngazi za ploti na uso wake ukutani. Usiku ndipo nilimpigia mpwa wangu, akanieleza kwamba vitufe vya kibodi ya laptopu vimeunganishwa kwa safu, na vikibonyezwa vitatu au vinne kwa pamoja kompyuta haisikii vyote. Mtoto alikuwa anasema kweli. Nilimwamsha nikamwomba msamaha, akanijibu, "Sawa, baba," akageuka kulala. Jambo hilo sijalisahau.

Kesho yake nikaamua nitafute pedi, zile za kushika mkononi kuchezea gemu. Karibu nasi kulikuwa na banda la PlayStation ambalo mwenyewe alikuwa amelifunga kwa sababu ya korona, na alikuwa anauza vitu. Akanipa pedi mbili za PlayStation 3 kwa shilingi 500, plastiki imelika pale vidole gumba vinapokaa. Waya hakuwa nazo. Sasa, pedi hizo hazitumii mdomo wa waya wa simu. Zinatumia ule mdogo mnene wa zamani. Nilipita maduka ya simu ya Kenyatta Avenue karibu yote. Kila muuzaji ananionyesha waya, ninajaribu, haingii. Mmoja alinishauri nitupe pedi ninunue za Kichina. Nilirudi nyumbani jua linazama, mkono mtupu, na wote wawili walikuwa wamesimama mlangoni.

Nilifikiria jambo hilo usiku kucha kama mtu aliyepoteza kitambulisho. Asubuhi nikakumbuka kamera ya kurekodi barabara iliyoharibika ndani ya matatu. Nikatembea hadi gari lilipoegeshwa, nikafungua kibweta cha dashibodi, na chini ya risiti na vitambaa nikaukuta waya wake. Mdomo ukaingia kwenye pedi. Waya wa pili nilipewa na kijana wa kupiga picha za pasipoti, alikuwa nao wa kamera yake ya zamani, akakataa pesa.

Mpwa wangu alikuwa amenionya kwamba kwenye Windows pedi za aina hiyo zingetaka kutafutiwa kiendeshi pembeni, yaani programu ndogo ya kuzifanya zielewane na kompyuta. Kwenye Mint tulichomeka, tukabonyeza kitufe cha katikati, taa nne nyekundu zikapepesa, ikabaki moja. Basi. Kiendeshi kilikuwa tayari ndani ya kiini chenyewe cha Linux, kimewekwa na mtu ambaye sitamjua maishani na ambaye hakunitoza senti kwa kuwafikiria watoto wanaotumia pedi zilizotupwa. Gemu ikazitambua zote mbili. Kijana alinitazama kama kwamba nimeziunda mimi.

Tukacheza kila jioni tangu kafyu ilipoanza hadi tokeni za umeme zilipoanza kulia. Mimi niliendesha kwa zamu. Niliwafundisha kona kama ninavyoingia kona za barabara ya Kericho, unapunguza kabla, unatoka na mwendo, na kwenye mteremko niliwaambia wafikirie Salgaa, mwenye haraka hapo hafiki. Binti yangu asubuhi alicheza peke yake ule upande wa hadithi. Mle ndani Nolok, ambaye ndiye adui, amemteka Gnu, na Gnu ni nyumbu, hawa hawa wanaovuka Mto Mara. Ni nembo ya mradi wa GNU ambao Richard Stallman aliutangaza mwaka 1983, na ndio ulioanzisha habari yote hii ya programu huria. Hilo halikumshughulisha binti yangu. Alichotaka ni nyumbu atoke. Wiki ya mwisho ya Aprili alimtoa, akapiga kelele hadi jirani akaja kuuliza kuna nini. Mei mosi barabara zikafunguliwa, nikarudi kazini.

Nimesimama hapa nikasoma tena nilichoandika. Naona nimesifu programu kwa mengine ambayo hayakutoka kwake. Ule mwezi nilikuwa nyumbani, na tangu kijana azaliwe sikuwa nimekaa naye jioni thelathini mfululizo. Je, tungekuwa na Windows iliyolipiwa na gemu ya dukani, tusingefurahi vilevile? Sidhani kama tungepata pedi kwa shilingi 500 zikafanya kazi hivyo. Lakini siwezi kuapa kwamba ile furaha ilikuwa ya Linux. Na ninalazimika kuwaambia lililofuata, hata kama linaharibu jibu langu.

Kijana sasa yuko kidato cha tatu. Likizo ya Agosti mama yake mdogo alimpa laptopu nzuri yenye kadi ya picha na Windows halali ndani. Mimi, bila kumuuliza, niliifuta nikaweka Mint. Niliamini ninamfanyia wema. Gemu nyingi zilikubali, maana tangu 2018 Valve, wenye duka la gemu la mtandaoni liitwalo Steam, wameweka ndani yake kitu kinaitwa Proton kinachowezesha gemu za Windows kukimbia juu ya Linux, na Steam Deck, mashine yao ya gemu ya mkononi ya mwaka 2022, yenyewe ni Linux. Ila gemu moja ya mpira, ile ambayo wenzake wote wanaicheza kwa mtandao, ilikataa. Ina mlinzi wa kuzuia udanganyifu, anataka kukaa ndani kabisa ya Windows, asipoikuta anafunga mlango. Walinzi wengine wa aina hiyo wanaweza kuruhusu Linux endapo mwenye gemu atakubali. Huyu hajakubali. Kwa hiyo msiniambie pengwini hawezi, aliyekataa yuko upande wa pili wa mlango, na hilo linanikasirisha hata ninavyoandika.

Nilikesha siku mbili nikijaribu. Nikamwambia kijana acheze nyingine, zipo maelfu. Akasema kwa upole, "Baba, wenzangu wote wako kule." Hakubishana. Akawa anaenda banda la PlayStation analipia mechi, anarudi giza limeingia, na laptopu inabaki imefungwa mezani. Siku ya tano nilipata tena ile picha ya mtoto aliyekaa kwenye ngazi za ploti. Nilikuwa nimemkosea tena kwa namna ileile, kwa kuamua kabla ya kumsikiliza. Tukakaa wote wawili tukairudisha Windows. Leseni ilikuwa imehifadhiwa ndani ya mashine yenyewe, haikudai malipo mapya.

Basi jibu langu, mhariri, baada ya maneno yote haya, ni hapana. Kwenye nyumba yenye kijana wa umri huo na marafiki wanaokutana ndani ya gemu moja, programu huria peke yake hazitoshi, na mzazi asimlazimishe. Ninasema hivyo kwa leo, na kwa sababu ya gemu chache za namna hiyo, si kwa sababu ya kazi za kawaida. Ofisi ya sacco, mwanafunzi wa kuandika na kusoma, mtu wa hesabu kama mimi, nyumba yenye watoto wadogo, hao zinawatosha kabisa. Na mwenye mashine kuukuu sioni ana njia gani nyingine. Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya usalama ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na ThinkPad yangu ni ya zamani mno kwa Windows 11 kuikubali. Mint bado inaisasisha, kila wiki kitu kinakuja.

Ukitaka kujaribu, iendeshe kwanza kutoka kwenye flashi bila kuiweka ndani, uone kama sauti, Wi-Fi na kichapishi chako vinakubali. Hifadhi faili zako mahali pengine kwanza. Na kama mashine si yako, muulize mwenyewe.