Wadogo zangu mnaoanza stoo, thina haiendi chumba cha baridi

Nyie mnaokuja field kwenye viwanda vya samaki hapa Mwanza, mkipangwa stoo ya matengenezo kuna wazo mtalisikia mapema sana, hasa jua likiwaka: hizi thina (yale maji maji ya kuyeyushia rangi) na rangi zenyewe si tuzipeleke chumba cha baridi, si ndo salama zaidi? Ukiliwaza haraka haraka unaona sawa tu, kitu cha kuwaka kikae penye ubaridi, na chumba kipo hapo hapo. Msifanye hivyo jamani, hata akiwaambia mtu aliyewazidi miaka.

Kinachoshika moto sio yale maji maji ya thina, ni mvuke wake, na huo mvuke hausubiri joto. Thina nyingi zina kemikali inaitwa toluini, hiyo kwenye nyuzi 4 tu inatoa mvuke wa kuwaka, asetoni, kiyeyushi kingine, ndo usiseme, nyuzi 20 chini ya sifuri. Sasa chumba cha baridi kimezibwa kote ubaridi usitoke, maana yake na mvuke hautoki, halafu mle ndani kuna feni, taa, swichi, cheche moja tu inatosha. Friji ya ofisini ni hivyo hivyo, ikijiwasha na kujizima inaweza kutoa cheche. Na mle kuna minofu ya sangara, ikishika harufu ya thina nani ataila?

Rangi ya maji yenyewe haina shida ya moto, ila ndo inayoharibiwa na baridi. Ikiganda halafu ikayeyuka inakuwa mabonge mabonge kama maziwa mgando, hata ukoroge mpaka jioni hairudi. Huku nje hata ule upepo wa ziwa wa asubuhi mwezi wa saba haufiki kugandisha rangi, ikae ndani tu inatosha. Rangi ya mafuta ndo asubuhi kukiwa na baridi inakuwa nzito, na hapo utamuona fundi anaisogeza kwenye jiko la mkaa eti ipate moto kidogo. Aisee mkatalieni pale pale. Iache ndani ubaridi uiishe, koroga taratibu, itakaa sawa. Kama kopo limetoka sehemu ya baridi likatoa jasho, lifute likauke kabla ya kufungua, maji yasiingie kwenye rangi.

Sasa ikae wapi? Kivulini penye hewa. Stoo ya bati bila siling, au kontena linalopigwa na jua kutwa, hapana, dumu la thina linavimba hadi unaliona limetoa tumbo, ukilikuta hivyo usikimbilie kizibo, lipeleke kivulini lipoe kwanza ndo ufungue polepole. Na kwa kuwa mvuke wa thina ni mzito kuliko hewa unatambaa chini, matundu ya juu peke yake hayasaidii, yawepo na ya chini karibu na sakafu, na anayechomelea awe mbali kabisa maana huo mvuke unaweza kumfuata alipo. Swichi ya taa iwe nje. Ikimwagika tumia mchanga, maranda hapana, yanawaka.

Kuna hili naomba mlishike kuliko yote. Atakuja mtu na chupa ya maji ya kunywa, dogo nipimie kidogo. Msimpe, hata awe bosi! Thina haina rangi, ukiitazama kwenye ile chupa ni maji kabisa, ikisahaulika dirishani anapita mtu ana kiu au mtoto wa mama lishe, anapiga fundo. Aje na kopo la bati lenye mfuniko, na wewe uandike THINA kwa maka peni kabla halijatoka mlangoni. Wakati wa kumimina chuma kigusane na chuma na umimine taratibu, kumimina kwenyewe kunazalisha umeme unaoweza kurusha cheche.

Matambara yaliyofutia rangi ya mafuta yasirundikwe kwenye kona, yanaweza kujipasha joto yenyewe mpaka yakawaka, ndoo ya chuma yenye maji na mfuniko ndo mahali pake. Mtungi wa kuzimia moto wa poda au povu ukae nje ya mlango sio ndani kule nyuma ya makopo, na moto wa thina msiumwagie maji, thina inaelea juu yake moto unasambaa. Zimamoto ni 114, iandikeni mlangoni kwa rangi, na pigeni mapema.