Maswali na majibu: sili za eya hita ya rota

Maswali ya safari hii yametoka kwa mafundi wa boila za makaa Afrika Kusini na za mafuta mazito kule Ghuba. Yote isipokuwa moja yanahusu eya hita ya rota, lile gurudumu la vikapu vya mabati linalochukua joto la moshi na kuipasha hewa ya boila, linalozunguka raundi 1 hadi 3 kwa dakika, upande mmoja likipitiwa na moshi na upande wa pili na hewa. Sili za rota ni mabati yanayozuia hewa isivuje kwenda kwenye moshi; bamba la sekta ni bamba lisilozunguka linalotenga pande hizo mbili, na mwanya ni nafasi kati yake na sili. Najibu kwa zile zenye mhimili wa kusimama, moshi ukiingia juu. Wenye mhimili wa kulala wasinakili vipimo.

Mkuu, mwanya sahihi wa sili ni milimita ngapi?

Mmeuliza watu wanne, na hakuna hata mmoja aliyetaja kipenyo cha rota wala joto la moshi. Nitawajibuje? Mwanya wa sili ipi, sehemu ipi, mashine ikiwa baridi au ikiwa na moto?

Rota ikishika moto, uso wa juu hutanuka kuliko wa chini, basi inajikunja kama uyoga: katikati inabaki, ukingo unashuka. Kwa hiyo mwanya wa juu ukingoni unafunguka na wa chini ukingoni unajifunga. Kukadiria mshuko kwa milimita, chukua 0.006, zidisha kwa tofauti ya joto la chuma cha juu na cha chini, zidisha kwa nusu-kipenyo mara nusu-kipenyo (kwa mita), gawa kwa kimo cha rota. Rota ya nusu-kipenyo cha mita 5, kimo mita 2, tofauti ya nyuzi 200, inashuka milimita 15. Ya nusu-kipenyo cha mita 7 kwa hali hiyohiyo inashuka karibu 29. Sasa mnaelewa kwa nini namba ya jirani yako haikufai. Hesabu hii ni ya kukagulia tu; namba za kuseti zinatoka kwenye mchoro wa mtengenezaji.

Tuliseti sili za chini ziguse bamba tukiwa baridi ili tuzuie kabisa uvujaji. Boila ilipopanda mzigo, ampea za mota zikaanza kucheza na kuna kelele za kusaga. Tuweke mota kubwa zaidi?

La hasha. Mota kubwa itasaga bamba vizuri zaidi. Mshuko niliousema hapo juu ndio umekula mwanya wenu. Chini ukingoni mnatakiwa kuacha nafasi ya mshuko mzima mashine ikiwa baridi, ikipungua kuelekea mhimilini. Msizime rota ghafla mkiwa na moshi wa moto: ikisimama, nusu moja inaiva, nusu inapoa, inapinda, na kuizungusha tena ni kazi ya mtarimbo.

Bati la sili linaisha upesi. Nikate la milimita 6?

Hapana. Sili nyembamba ya milimita 2 hivi inaliwa yenyewe. Nene inakula bamba, na bamba halibadilishwi kwa nusu siku.

Kaka, tuna siku mbili za matengenezo. Tuseti kwa utaratibu gani?

Anzeni na mabamba, si sili. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Chagueni sili moja nzima, iwe kielelezo. Izungusheni kwa mkono mpaka chini ya kila bamba la sekta, mpime kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia mwanya) ukingo wa kuingilia na wa kutokea, karibu na mhimili, katikati na nje. Bamba moja likiwa limening'inia milimita 4 kuliko wenzake, sili zote mtakazoseti zitafuata lile, na kwingine kote mtabaki na pengo. Sawazisheni kwanza, na mifereji iliyochimbika ijazwe kwa kuchomelea kisha isagwe iwe tambarare.

Halafu setini sili ya kielelezo kwa namba za mchoro, na mfunge rula ndefu ya chuma kwenye fremu ya nyumba ya rota, iguse sili hiyo kwa urefu wake wote. Kuanzia hapo rula haisogezwi. Leteni sili moja moja chini yake, legezeni boliti, sukumeni bati kwenye matundu yake marefu hadi liguse rula, kazeni, pimeni tena. Boliti ikikazwa hubeba bati. Milimita moja inapotea hivihivi.

Sili za pembeni za wima fuateni mantiki ileile: sehemu ya juu ya rota inapanuka kuliko ya chini, basi mwanya wa juu uwe mkubwa zaidi.

Tumebadilisha sili zote, uvujaji bado asilimia 14. Sili feki?

Huenda. Ila kwanza, hiyo 14 mmeipataje? Kipimo kimoja cha oksijeni katikati ya mfereji hakisemi kitu, kwa sababu hewa iliyovuja haichanganyiki sawasawa. Pimeni kwa gridi ya nukta kadhaa, kabla na baada ya eya hita, kwa wakati mmoja. Toa oksijeni ya kuingia kwenye ya kutokea, gawa kwa 21 ukishatoa ya kutokea, zidisha kwa 90. Kuingia 3.5, kutokea 5.5: asilimia 11.6.

Kama namba ni ya kweli, ingieni nyuma ya bamba la sekta. Kule kuna sili zisizozunguka, kati ya bamba na nyumba, na hakuna anayezikagua kwa sababu hazionekani. Zikitoboka, hewa inapita juu ya bamba moja kwa moja hadi kwenye moshi, na sili zenu mpya zinatazama tu.

Kuna muuzaji anatuahidi "uvujaji sifuri" kwa sili laini zinazogusa bamba.

Mwulize hewa iliyomo ndani ya vikapu inaenda wapi rota inapovuka upande wa moshi. Ile haizuiwi na sili yoyote. Sili za kugusa zinafaa kwenye bamba lililonyooka, lakini mlipeni kwa kipimo cha baada ya miezi 12 ya kazi, si cha wiki ya kwanza. Kabla ya hapo, ulizeni kama nafasi inaruhusu sili mbili kukaa chini ya bamba kwa wakati mmoja: uvujaji hufuata kipeuo cha pili cha tofauti ya shinikizo, hivyo vizuizi viwili mfululizo hupunguza karibu asilimia 30.

Joto la moshi unaotoka limeshuka kutoka 141 hadi 130. Meneja anasema ufanisi umepanda.

Mwambie apime oksijeni. Hewa ya nyuzi 35 ikivuja asilimia 12, inatosha kabisa kuushusha moshi hivyo. Mnachopoza ni moshi kwa hewa baridi, na feni ya kuvuta moshi ndiyo inayolipa. Mnaochoma mafuta mazito, ongezeni tahadhari: moshi ukipoa hivyo, asidi iliyomo inageuka matone kwenye vikapu vya chini, masizi yananata juu yake, na moto wa eya hita huanzia hapo, mara nyingi boila ikiwa imezimwa na watu wameenda nyumbani.

Eya hita ya boila yetu ya kiwanda cha sukari ni ya mirija. Sili tuziweke wapi?

Huna rota, huna sili. Tafuta mrija uliotoboka, uzibe kwa plagi ncha zote mbili.