Fyuzi inakatika baada ya kuongeza taa

Motari mwenzangu, unasema tangu uongeze kwenye pikipiki yako taa mbili za wati 18 kila moja na chaja ya simu, fyuzi inakatika kila jioni, na fundi ameweka kipande cha waya mahali pake. Toa huo waya leo! Fyuzi ikikatika inakuonya. Waya unanyamaza mpaka ganda liyeyuke chini ya kiti. Mimi harufu hiyo niliinusia Katindo, hapa Goma, na abiria mgongoni.

Taa zako ni wati 36; gawa kwa volti 12, unapata ampea 3. Zipe laini yao kutoka betri, fyuzi ya ampea 5 karibu kabisa na betri, na rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) inayowashwa na funguo. Chaja iwe na fyuzi yake. Ukianza, fungua waya hasi wa betri kwanza. Ukimaliza, irudishe mwisho.

Geuza usukani pande zote: waya usivutike. Barabara zetu za mawe ya volkano zinalegeza kila kitu, kwa hiyo kusokota na kuzungushia skochi (utepe wa gundi) ni kujidanganya. Tumia viunganishi vya kubana.

Taa na chaja zikiondolewa na fyuzi bado inakatika, shoti huenda iko kwenye waya za asili za pikipiki. Hapo tafuta fundi umeme mwenye kipimo cha umeme, si huyo aliyeweka waya.